Madam Aliyeifufua Zamu

Madam hupokea simu kwa neno moja: "Sema." Haloo hana, habari za asubuhi hana, hata anayepiga awe padre. Ukitoa shikamoo yako anaipokea haraka haraka, halafu anarudia palepale: "Haya, sema." Wasiomjua hukata simu wakidhani wamemkosea. Mimi sitamsafisha hapa. Mkali ni mkali kweli, na ukichelewa kikao chake utajuta kuzaliwa. Lakini nimefanya naye kazi miaka mingi na najua lile neno si la kumfukuza mtu. Anataka useme. Kinachomuudhi kuliko vyote, kuliko hata upepo wa Makambako na vumbi lake, ni mtu mwenye neno moyoni anayekaa nalo kwa kisingizio cha adabu.

Alifundisha fizikia, baadaye kompyuta, katika sekondari moja karibu na Njombe mpaka akastaafu, na tangu hapo sijasikia anayemwita kwa jina. Seremala anamwita Madam. Wauza viazi sokoni wanamwita Madam. Wajukuu zake wenyewe wanamwita Madam, na nilipomuuliza kama haimuumi akasema mabibi wako wengi, Madam ni mmoja. Majivuno anayo, tena ya kutosha. Anayavaa pamoja na lile koti lake refu la kijivu asilolivua hata jua likiwaka, kwa maelezo kwamba baridi ya Njombe haiaminiki.

Mimi nina steshenari Makambako, karibu na stendi. Natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi, napiga picha za paspoti, na nyuma ya pazia nina kompyuta yangu ninayoandikia programu, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa ubishi. Siku Madam alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza alinipa flashi, akataka nimchapie kila kilichomo. Nikafungua, nikaona msimbo wa programu, kurasa na kurasa.

"Mama, hii haichapwi," nikamwambia. "Hii inasomwa humohumo kwenye kompyuta."

Akaniangalia juu ya miwani. "Dada, mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Kosa lililo kwenye kioo linanikimbia. Lililo kwenye karatasi nalikamata. Chapa."

Nikachapa. Akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa kalamu nyekundu, akaanza kuusahihisha ule msimbo palepale, anaguna, anatikisa kichwa, anaweka vema pale palipomfurahisha. Mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha ubatizo akaniuliza kwa kunong'ona huyu mama anasahihisha nini. Nikamjibu sijui. Lakini jina la programu lililoandikwa juu ya ukurasa nilikuwa nalijua vizuri mno, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimeshaichangia. Ilikuwa Zamu.

Niieleze Zamu. Kuna bomba moja la maji ya mserereko linaloteremka kutoka kwenye chemchemi za milimani na kulisha vijiji kadhaa vya upande wa Wanging'ombe. Masika maji yanawatosha wote. Kiangazi hayatoshi, inabidi vijiji vipokezane, leo hawa, kesho wale. Zamani zamu zilitangazwa kwa filimbi, na kupokezana huko kulikuwa ni kugombana tu. Mtu wa vali, mshika koki kuu ya bomba, akifungua upande huu, upande ule wanasema kahongwa kuku. Ndipo kijana mmoja wa Makambako, mwanafunzi wa zamani wa Madam, akatengeneza Zamu. Mtu wa vali anatuma meseji, programu inapanga, na kila kijiji kinapata ujumbe hata kwenye simu za tochi: maji yenu ni leo, mpaka saa fulani. Bomba likipasuka zamu zinajipanga upya, na kila mmoja anaona zilivyopangwa. Kijana hakuiuza. Aliiweka mtandaoni iwe huria, yeyote autazame msimbo wake, autumie, alete marekebisho. Watu wakaja. Mimi nikaja, Madam akaja, wengine wakatokea Ludewa, wengine nchi ambazo nisingeweza kukuonyesha kwenye ramani. Yule kijana tukamwita Mwanzilishi.

Halafu Mwanzilishi akapata kazi Dodoma, akanyamaza.

Katika kazi za namna hii kila mtu anaweza kuleta marekebisho, ila mwenye funguo ndiye anayeyapitisha, na mwenye funguo alikuwa huyo mmoja tu. Marekebisho yetu yakapanga foleni mlangoni kwake, hakuna wa kuyafungulia. Seva nayo, yaani ile kompyuta inayoendesha kila kitu, ikaanza vituko. Mara ipo, mara haipo. Ujumbe wa leo unafika kesho. Akina mama wanapanga ndoo kwenye bomba kavu wakati maji yanamwagika kijiji cha pili. Ugomvi ukarudi. Mwishowe kamati za maji zikakaa, zikatoa kauli: masika yakiisha Zamu haijatengemaa, wanaiacha, wanarudi kwenye filimbi. Na wale wakiiacha, programu imekufa, maana ilizaliwa kwa ajili yao.

Sasa hapa ndipo unapomjua Madam vizuri. Mtu mkali vile, mtu anayembishia padre mbele ya kwaya nzima kwamba spika zimefungwa kinyume (na kweli zilikuwa zimefungwa kinyume), ungetegemea angeichukua ile programu siku ya kwanza. Wapi! Alikataa katakata. Nilimfuata Njombe mara nyingi kumshawishi. Ukifika kwake lazima kwanza ule. Anakupa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, anakusimamia mpaka umalize, na ukiondoka unakuta kwenye mfuko wako umetiwa maparachichi ambayo hakukuambia. Ukimshukuru anakana. Anasema labda yameingia yenyewe.

"Madam," nikamwambia siku moja viazi vikiwa bado mdomoni, "tunakili msimbo wote, tunaanza Zamu yetu. Leseni inaruhusu."

"Leseni inaruhusu," akasema. "Na mimi hakuna sheria inayonizuia kuingia jikoni kwa dada yangu nikajipakulia ugali. Siingii."

"Lakini mwenye jiko kahama!"

"Amekuambia kahama?"

"Hajasema chochote, Madam, ndiyo tatizo lenyewe!"

"Basi hajahama." Akanieleza kwa mara nyingine habari za kwao Mdandu. Watu wakialikwa kulima, kila mtu anapimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima. Ukimaliza ngwe yako unaweza kukaa ukapumzika, unaweza ukaimba, lakini huingii ngwe ya jirani mpaka yeye mwenyewe akuite, hata kama amelala kando ya jembe lake. Kuingia bila kuitwa ni kumwambia mbele za watu kwamba ameshindwa. "Yule ni mtoto wangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemwonyesha kompyuta inavyowashwa. Nimwaibishe?"

Nilirudi Makambako nimekasirika mpaka nikakosea kopi za watu. Na cha kuchekesha ni kwamba kikundi kizima kilikuwa vivyo hivyo. Nilipowauliza wa Ludewa wakasema wanamsubiri Mwanzilishi, si vizuri kumpita. Hata wale wa mbali, walipoona sisi wenye kaya tumekaa kimya, nao wakakaa kimya. Adabu ilikuwa imetujaa mpaka kooni, na kiangazi kinakuja.

Madam ana misemo yake. Mingine anaiokota, mingine anaitunga mwenyewe halafu anasema ni ya wahenga ili usiibishie. Mmoja alikuwa akiwapiga nao wanafunzi wasiouliza maswali darasani: "Heshima isiyouliza ni uvivu uliovaa suti." Huo ndio nilioutumia. Nilimpigia asubuhi moja, akasema "Sema," nami nikasema. Nikamwambia Madam, una suti nzuri sana. Akauliza suti gani. Nikamrudishia msemo wake neno kwa neno, nikamuuliza ni lini yeye au mimi au mtu yeyote alimuuliza Mwanzilishi swali moja la wazi. Tulikuwa tunampelekea marekebisho. Tulikuwa tunampelekea salamu za sikukuu. Swali hatukuwahi.

Nikajua nimekwisha, sasa nitatukanwa kwa Kiswahili sanifu. Akasema tu, "Mama yake si yuko hapo Makambako? Nakuja."

Mama yake Mwanzilishi ni mshonaji, ana kibanda chake cha cherehani mtaa wa nyuma ya soko. Tulipofika tukamwamkia, akatuwekea stuli, akaagiza soda. Madam akamsalimia Kibena, "Kamwene," wakaulizana za nyumbani, za mahindi, za magoti. Mimi macho yangu yalikuwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Palikuwa na kitu kimefunikwa kwa vitambaa vya kufuma, vile vya maua ambavyo watu hufunikia televisheni sebuleni, kimoja juu ya kingine, na juu kabisa pameongezwa kipande cha blanketi. Kwa chini kilikuwa kinaunguruma.

"Mama," nikamuuliza, "hicho ni nini?"

"Ah, hiyo ni ya mwanangu," akasema kwa fahari. "Kompyuta ya maji. Alisema, mama, hii isiguswe na mtu. Haijaguswa! Vumbi la hapa mnalijua, nikaifunika. Ilipoingia baridi nikaongeza blanketi. Siku nyingine inapata joto, hata ukiishika unasikia homa, basi naizima ipumzike mpaka kesho."

Ilikuwa seva yetu! Seva ambayo watu wa nchi za mbali walikuwa wanaijadili kwa maneno makubwa, wengine wakisema imeshambuliwa na wezi wa mtandaoni, ilikuwa inavalishwa blanketi na mama yake mtu. Nilitaka kucheka, nikamwona Madam hacheki. Alimshika yule mama mkono. "Umeilinda vizuri, dada yangu," akasema. "Hakuna mtu kwenye kazi hii aliyelinda kitu chake kama wewe. Sasa niambie, kijana anasemaje kuhusu sisi?"

Mama akaangalia sindano yake. "Mnisamehe, lakini mwanangu anaumia. Anasema tangu aende Dodoma hakuna aliyemuuliza kitu. Mmemsusa."

Madam akasimama. Akaomba simu, mama akapiga, na kijana alipopokea akidhani ni mama yake akasikia: "Sema."

Nilisikia sauti ndogo: "Shikamoo Madam."

"Marahaba. Umetususa au tumekususa?"

Yakatoka yote. Kumbe kazi ya Dodoma ilikuwa inammaliza, hana nafasi hata ya kufua. Alitaka kuachia funguo tangu mwanzo. Lakini aliona akizitoa bila kuombwa ataonekana ametupa kazi ya watu, na sisi tuliona tukiziomba ataonekana ameshindwa. Basi kila mmoja akakaa upande wake na adabu zake, na katikati maji yanapotea. Madam alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa kola ya koti, ndiyo mara pekee nimemwona hivyo, halafu akamwambia kwa ukali ambao mimi niliusikia kama upendo: "Mjinga wewe. Na mimi mjinga mwenzio. Njoo Jumamosi."

Ningekuwa mimi ningeomba paswedi kwenye simu palepale tukamaliza. Madam hakutaka. Alisema mwenye shamba ndiye anayepiga jembe la kwanza, wengine wanamfuata, na hilo halifanyiki kwa simu. Jumamosi Mwanzilishi akashuka kwenye basi, amekonda, mama yake akamng'ang'ania pale stendi mpaka abiria wakapiga makofi. Tulijibana dukani kwangu, wa Ludewa nao walikuja, wa mbali wakawa kwenye skrini. Mwanzilishi akakaa kwenye kiti changu, akafungua foleni ile ya marekebisho, akachukua lililosubiri kuliko yote, akalisoma, akalipitisha kwa mkono wake. Mama yake akapiga kigelegele. Sidhani kama alielewa kilichopitishwa, lakini kigelegele kilikuwa cha haki.

Kisha akataka kumkabidhi Madam funguo zote. Madam akarudisha mikono nyuma. "Zote hapana. Ukinipa zote tumebadilisha mgonjwa, ugonjwa ni uleule." Akagawa kazi kama anavyogawa viazi, bila kumuuliza mtu anapenda kipi. Funguo zishikwe na watu kadhaa wa sehemu mbalimbali. Hakuna mtu kupitisha kazi yake mwenyewe, hata awe nani. Seva ihame chini ya meza, ikae kwa wanaokodisha seva ambako umeme haukatiki, na nakala yake ikae mahali pengine, ili moja ikianguka nyingine ishike. Mwenye kuongoza aongoze kwa muda, kisha apishe. Mwanzilishi akauliza yeye atabaki nani. "Utabaki Mwanzilishi," Madam akamwambia. "Hicho cheo hakuna wa kukunyang'anya."

Tulifanya kazi kufa na kupona, mvua za mwisho mwisho zikiendelea. Marekebisho niliyoyaandika nilirudishiwa yana wino mwekundu, narekebisha, narudishiwa tena. Kuna siku nilimwambia Madam naacha. Akaniambia acha, lakini maliza kwanza. Nikamaliza, nikasahau kuacha. Na mvua zikakatika.

Asubuhi tuliyohamisha kila kitu kwenda seva mpya, Madam alikuwa dukani kwangu kabla sijafungua, koti limefungwa vifungo vyote. Mtu wa vali akatuma meseji yake kutoka mlimani. Tukasubiri. Mimi nilikuwa nasali, sioni aibu kusema. Simu ya Madam ikalia. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kijiji cha mwisho kabisa bondeni, kile ambacho siku zote kilikuwa cha mwisho kupata habari na cha kwanza kukauka. Alikuwa anapiga kelele hata spika ya simu ikakoroma.

"Madam! Meseji imefika kabla ya maji! Unasikia? Imefika kwanza, tukaja na ndoo, na maji hayo hapo, yamefuata nyuma yake!"

Nyuma yake nilisikia akina mama wanashangilia na ndoo zinagongana. Nilimrukia Madam nikamkumbatia, koti na majivuno yote. Akaniacha nimkumbatie kidogo, halafu akasema mteja amesimama mlangoni anataka fotokopi. Kiangazi chote kile maji yalipokezana bila filimbi. Kamati ziliitisha kikao, hazikusema habari ya kuiacha Zamu tena. Zilitaka kujua kama inaweza kupanga na zamu za trekta.

Alituongoza kwa muda aliousema, hakuongeza hata siku. Siku ya kukabidhi tulimlilia abaki, tukamwambia hakuna kama yeye, na tulisema kweli. Akajibu kwamba hayo ndiyo maneno yaliyoiua Zamu mara ya kwanza. Kikundi kikanichagua mimi. Nilidhani atabaki nyuma yangu ananielekeza. Hakunielekeza. Nilipompigia kumuuliza nifanyeje akaniambia yeye ni mstaafu, anapanda viazi.

Kisha kiangazi kilichopita akaleta marekebisho yake mwenyewe. Alitaka kila ujumbe wa Zamu uanze kwa salamu ndefu ya heshima, kwa sababu wazee wa vijijini walimlalamikia kwamba mashine inawaamrisha. Wazo zuri. Lakini nilipolijaribu, ujumbe ulirefuka hadi simu za tochi zikaukata vipande viwili, na kipande chenye saa ya maji kikawa kinachelewa, mara nyingine hakifiki. Nikaangalia kwenye kikundi kama kuna aliyeona. Wote walikuwa wamesoma. Hakuna aliyeandika neno. Kazi ya Madam! Nani aanze?

Nilikaa nayo, nikatembea nayo dukani, nikailalia nikaiamkia. Mwishowe nikaandika hadharani, mbele ya wote, kwamba nimeijaribu, ujumbe unakatika, watu watakosa maji, kwa hiyo siipitishi. Nikaweka na ushahidi. Hakujibu. Siku zikapita hajibu. Jumapili nikashindwa kuvumilia, nikapanda gari kwenda Njombe.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda anachagua viazi vya mbegu. Alipozeeka sijui, mikono ilikuwa imekuwa myembamba ndani ya mikono ya lile koti. Nikaanza: "Madam, shikamoo, kuhusu ile kazi yako, naomba unielewe..."

Aligeuka upande wa ua, akaita kwa nguvu zote: "Mama Jirani! Njoo haraka!"

Jirani akaja anakimbia, unga mikononi, akidhani kuna msiba. Madam alikuwa ameshasimama. Akanishika bega, akanisogeza mbele, na sijawahi kuona uso wake umefunguka namna ile, meno yote nje.

"Ndiye huyu niliyekuambia," akasema. "Amenikatalia kazi yangu. Mimi! Mbele ya dunia nzima, na ushahidi juu!"

Jirani akanitazama bila kuelewa kama anipe pole au hongera. "Na wewe ukafanyaje, Madam?"

"Nimefurahi mpaka nimeshindwa kuandika," akasema Madam. "Sasa hata nikifa leo, kesho watu watapata maji."